Vyaelea na Vilivyozama: Upungufu wa Nasaha kwa Waandishi wa Mtandaoni

Utangulizi

Tangu intaneti ilipoenea miongoni mwa wasomaji, imezuka aina ya maandishi ambayo bado haijachunguzwa vya kutosha na wataalamu wa lugha: nasaha za kumfundisha mtu namna ya kuwa mwandishi mwenye mafanikio katika mtandao huo. Nasaha hizi hutolewa katika makala, vitabu, mihadhara ya video na kozi za kulipia. Chimbuko lake kubwa ni Marekani na lugha yake ya kwanza ni Kiingereza, lakini sasa zinasomwa, kutafsiriwa na kurudiwarudiwa Nairobi, Dar es Salaam na kwingineko. Wahitimu wa idara za lugha huzipokea kama ramani ya maisha, hasa kwa kuwa nafasi za ualimu, uhariri na utangazaji hazilingani na idadi yao.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa nini nasaha hizo aghalabu hazitimizi ahadi zake. Haidaiwi hapa kwamba ni za uongo. Kumwambia mwandishi aandike kila siku, awajue wasomaji wake, achague vichwa vya habari vyenye mvuto na asikate tamaa ni kumwambia maneno ambayo hakuna mwenye busara atakayeyapinga. Hoja inayotetewa ni kwamba nasaha inaweza kuwa ya kweli na bado isifae, na kwamba upungufu wa hizi unatokana na mambo manne: namna ushahidi wake unavyokusanywa, namna mafanikio yanavyogawanyika, upesi wa kubadilika kwa mitambo inayowafikishia watu maandishi, na tofauti za lugha na mahali. Mambo haya yatajadiliwa moja baada ya jingine, kisha yatatolewa maoni machache juu ya nasaha ambayo ingemfaa mwandishi wa Kiswahili.

Sura ya nasaha zenyewe

Yafaa kwanza kutazama umbo la kisarufi la nasaha hizi, kwani umbo hilo hubeba sehemu ya kosa. Zinapoelezwa kwa Kiswahili, karibu zote hujengwa kwa kiambishi -ki- cha masharti kikifuatwa na -ta- ya wakati ujao: ukiandika kila siku utapata wasomaji, ukipata wasomaji utapata kipato. Umbo hili humwonyesha msikilizaji kwamba sharti lililotajwa latosha peke yake. Halimwambii kama kuna masharti mengine, wala halimwambii ni wangapi waliotimiza sharti hilo wasipate kitu. Lau mtoa nasaha angesema kwamba aghalabu waliofanikiwa waliandika kila siku, na kwamba wengi walioandika kila siku hawakufanikiwa, angekuwa amesema kweli kamili. Lakini kweli hiyo isingemvutia mnunuzi.

Lugha ya Kiswahili haina uhaba wa nasaha. Ina methali, ina mawaidha, na ina tendi za wasia. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858, ni wasia wa mama wa Pate kwa binti yake. Msomaji wa leo anaweza kupingana na baadhi ya mafunzo yake, lakini hawezi kukana kwamba mtoa wasia alimjua aliyemuusia: alijua umri wake, ukoo wake, na maisha yaliyokuwa yakimngojea. Fauka ya hayo, mtoa wasia alikuwa na dhamana. Kama nasaha yake ingempotosha binti, hasara ingekuwa ya nyumba moja.

Methali nazo hazina mtu mmoja zinayemlenga, lakini zina mtumiaji. Kiswahili kinasema kwamba haraka haraka haina baraka, na papo hapo kinasema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mgeni wa lugha huona hapo mgongano. Mwenyeji haoni mgongano wowote, kwa sababu anajua kwamba methali huchaguliwa kulingana na tukio, na kwamba hekima imo katika kuchagua. Nasaha za mtandaoni zimeng'olewa kutoka katika tukio. Huambiwa watu milioni moja kwa pamoja, mwenye pupa na mwenye kusitasita wakipewa neno lile lile, na mtoaji wake hamjui hata mmoja wao.

Ushahidi wa vilivyoelea

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii huwakumbusha watu kwamba nyuma ya kila mafanikio kuna kazi. Ni kweli, lakini haimalizi habari, kwa maana vyombo vilivyozama navyo viliundwa. Huenda viliundwa kwa mbao zile zile, na mafundi wale wale, kwa bidii ile ile. Mtu anayesimama ufuoni akachunguza majahazi yaliyorudi salama peke yake, kisha akaandika kitabu cha ufundi wa majahazi, atakuwa ameandika juu ya sifa za majahazi yaliyorudi. Hatakuwa ameeleza ni sifa zipi zilizoyarudisha.

Kosa hili linajulikana vema katika taaluma ya takwimu. Katika Vita vya Pili vya Dunia, mwanatakwimu Abraham Wald, aliyekuwa katika kikundi cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alishughulikia swali la ndege za kivita zilizokuwa zikirudi na matundu ya risasi. Rai nyepesi ilikuwa kuongeza chuma mahali penye matundu mengi. Hoja iliyotokana na kazi ya Wald ilikuwa kinyume chake: ndege zilizochunguzwa ni zile zilizorudi, kwa hivyo matundu yake yalionyesha mahali ambapo ndege ingeweza kupigwa na bado ikaruka. Mahali pa kutiwa chuma ni pale pasipokuwa na matundu, kwa sababu zilizopigwa hapo hazikurudi.

Nasaha za uandishi karibu zote hutokana na ndege zilizorudi. Chukua habari ya Andy Weir, mtaalamu wa programu za kompyuta wa California. Kuanzia mwaka 2009 alitoa riwaya yake *The Martian* sura baada ya sura katika tovuti yake bila malipo. Mwaka 2011 akaiweka katika duka la vitabu vya kielektroniki la Amazon kwa senti 99 za dola. Mwaka 2014 ikatolewa na mchapishaji mkubwa, na mwaka 2015 ikawa filamu. Kutokana na habari hii imetolewa nasaha kwamba mwandishi atoe kazi yake bure ili ajulikane. Lakini waliotoa kazi zao bure wasijulikane hawana kitabu wala filamu, na kwa hivyo hawahesabiwi. Hali kadhalika husahauliwa kwamba Weir alikuwa ameandika miaka mingi kabla ya hapo bila mafanikio, na kwamba alikuwa na kazi nyingine ya kumlisha.

Habari ya Amanda Hocking, wa jimbo la Minnesota, inafundisha jambo jingine. Mwaka 2010 alianza kuuza riwaya zake mwenyewe kwa njia ya kielektroniki, na kufikia mwaka 2011 alikuwa ameuza zaidi ya nakala milioni moja na kutia saini mkataba wa dola milioni mbili. Hakuna shaka juu ya bidii yake. Lakini katika mwaka ule ule wa 2010 Amazon ilianza kuwapa waandishi mrabaha wa asilimia 70 kwa vitabu vya bei fulani. Wasomaji walikuwa wakinunua kwa wingi vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki. Tena riwaya za mapenzi ya viumbe wa ajabu, kama alizoandika yeye, zilikuwa zimepamba moto. Mwandishi aliyefuata mfano wake miaka mitano baadaye aliweza kuiga bidii, lakini hakuweza kuuiga mwaka 2010.

Kuna pia upungufu unaotokana na kuficha. Mwaka 2011 mfanyabiashara wa Marekani aitwaye John Locke, ambaye si yule mwanafalsafa wa karne ya 17, alikuwa mwandishi wa kwanza aliyejichapishia mwenyewe kuuza zaidi ya vitabu milioni moja katika duka la Amazon la vitabu vya kielektroniki. Mwaka huo huo akatoa kitabu cha kuwafundisha wengine jinsi alivyofanya. Mwezi wa Agosti 2012 gazeti la *New York Times* lilieleza, naye akakiri, kwamba alikuwa amelipia mamia ya tahakiki za kuvisifu vitabu vyake. Jambo hilo halikuwamo katika kitabu cha mafunzo. Mfano huu mmoja hautoshi kuwahukumu watoa nasaha wote. Unatosha tu kuonyesha kwamba aliyefanikiwa si shahidi mkamilifu wa mafanikio yake mwenyewe, ama kwa sababu anaficha, ama, na hili ndilo la kawaida zaidi, kwa sababu yeye mwenyewe hajui ni lipi kati ya mengi aliyofanya lililomfikisha.

Hatimaye yafaa kukumbuka nasaha hizi huuzwa kwa nani. Wakati wa kukimbilia dhahabu California, baada ya mwaka 1848, mfanyabiashara Samuel Brannan alitajirika kwa kuwauzia wachimbaji majembe, karai na vyakula, wala hakutajirika kwa kuchimba. Si wachache miongoni mwa wanaofundisha uandishi wa mtandaoni ambao kipato chao kikubwa hutoka kwa wanafunzi wao. Mtu wa namna hiyo amefanikiwa kweli kweli, lakini amefanikiwa katika kuuza nasaha. Bidhaa yake inategemea kuwapo daima kwa watu ambao bado hawajafanikiwa.

Mgawanyo wa mafanikio

Jambo la pili ni kwamba mafanikio ya maandishi hayagawanyiki kama urefu wa watu, ambapo wengi hukaribiana na wastani. Hugawanyika kama utajiri: wachache mno huchukua sehemu kubwa mno, na wengi hugawana mabaki. Msomaji mwenye saa moja ya kusoma huelekea kusoma kile ambacho wengine wanasoma, na kwa hivyo aliyetangulia kidogo huzidi kutangulia.

Jambo hili lilipimwa kwa majaribio. Mwaka 2006 watafiti Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha katika jarida la *Science* matokeo ya jaribio lililowashirikisha watu 14,341. Washiriki walipewa nyimbo 48 za vikundi visivyojulikana ili wasikilize, wazipe alama, na wachukue walizozipenda. Baadhi yao hawakuonyeshwa chaguo la wengine. Waliosalia waligawanywa kwa kubahatisha katika makundi manane, na kila kundi lilionyeshwa hesabu ya nyimbo zilizochukuliwa na watu wa kundi lile lile. Kama ubora pekee ndio unaoamua, makundi yote manane yangefikia washindi wale wale. Haikuwa hivyo. Nyimbo zilizo bora kabisa hazikuanguka sana ila kwa nadra, na zilizo mbaya kabisa hazikupanda sana ila kwa nadra. Lakini kati ya ncha hizo mbili karibu lolote liliwezekana. Wimbo ulioongoza katika kundi moja ulijikuta katikati au chini katika kundi jingine, ingawa ulikuwa wimbo ule ule, wenye maneno na sauti zile zile.

Funzo la jaribio hili kwa mwandishi halikatishi tamaa, ila linahitaji kusemwa kwa ukamilifu. Kazi nzuri haipotezi kitu kwa kuwa nzuri. Ubora hununua nafasi ya kushiriki katika bahati nasibu, na kazi mbaya hata nafasi hiyo haiipati. Bali ubora haununui ushindi. Kwa hivyo nasaha inayomwambia mwandishi asiyesomwa kwamba hana budi kuwa amekosea mahali fulani, ya kwamba hakuchagua kichwa kizuri au hakuamka mapema vya kutosha, inamtwika mtu lawama ya jambo ambalo sehemu yake haikuwa mikononi mwake. Ndipo madhara yanapoanza, kwani mwenye kulaumiwa hivyo huacha kuandika, au hununua kozi ya pili.

Kubadilika kwa mitambo

Jambo la tatu ni la wakati. Ufundi wa kuandika shairi la tarbia hudumu vizazi kwa vizazi. Ufundi wa kuonekana mtandaoni hutegemea mitambo ya kampuni chache, na kampuni hizo hubadilisha kanuni zake bila kumwuliza mwandishi. Kabla ya mwaka 2011 nasaha iliyosifika ilikuwa kuandika makala mengi mafupi, kila moja likijibu swali moja linaloulizwa na watu wengi. Mwezi wa Februari 2011 Google ilibadilisha utaratibu wake wa kupanga matokeo, na tovuti nyingi zilizoishi kwa makala ya namna hiyo zikaporomoka. Baadaye ikasemwa kwamba wasomaji watafutwe kwa njia ya Facebook. Mwezi wa Januari 2018 kampuni hiyo ilitangaza kwamba itatanguliza habari za ndugu na marafiki mbele ya zile za wachapishaji, na waliokuwa wamejenga nyumba zao juu ya msingi huo wakaona wasomaji wakipungua. Mtandao wa Google+, ambao waandishi walihimizwa kuutumia, ulifungwa kwa watumiaji wa kawaida mwezi wa Aprili 2019. Tangu Novemba 2022, ilipotolewa programu ya akili bandia ya ChatGPT, hata nasaha ya kuandika kwa wingi na kwa upesi imepoteza thamani yake, kwa kuwa hakuna mwanadamu atakayeishinda mashine kwa wingi wala kwa upesi.

Inadhihirika kwamba nasaha ya ufundi wa mitambo huchelewa kwa asili yake. Mtu hufanikiwa kwanza, kisha huandika alivyofanikiwa, kisha husomwa. Na hadi msomaji anapoanza kuitekeleza, mlango uliofunguka umekwisha kufungwa, ama umejaa watu waliosoma kitabu kile kile.

Swala la lugha

Jambo la nne ndilo linalowahusu wataalamu wa lugha kwa karibu zaidi. Nasaha nyingi zinazodaiwa kuwa za uandishi kwa jumla ni nasaha za kuandika Kiingereza.

Mfano ulio wazi ni kipimo cha wepesi wa kusomeka. Waandishi wa mtandaoni huhimizwa kupima maandishi yao kwa programu zinazotumia kanuni iliyotolewa na Rudolf Flesch mwaka 1948. Kanuni hiyo huchukua 206.835, ikatoa 1.015 mara wastani wa maneno katika sentensi, kisha ikatoa 84.6 mara wastani wa silabi katika neno. Matokeo hutarajiwa kuwa kati ya 0 na 100. Chini ya 30 huhesabiwa kuwa maandishi magumu sana. Sasa ichukuliwe sentensi ambayo mtoto wa darasa la kwanza huisoma bila taabu: Mtoto anakula chakula chake. Ina maneno manne na silabi kumi na mbili, yaani silabi tatu kwa kila neno. Kwa kanuni ya Flesch, 206.835 kutoa 4.06 kutoa 253.8 ni 51.025 chini ya sufuri. Sentensi nyepesi kabisa ya Kiswahili imehukumiwa kuwa ngumu kupita maandishi yoyote ambayo kipimo hicho kilitarajia kukutana nayo.

Sababu yake haijifichi. Kiswahili ni lugha ambishi. Neno moja la kitenzi hubeba nafsi, wakati, yambwa, mzizi na kauli, mambo ambayo Kiingereza huyatawanya katika maneno mafupi kadhaa. Wingi wa silabi katika neno la Kiswahili si dalili ya ugumu. Wataalamu wa lugha nyingine waliligundua tatizo hili mapema na wakairekebisha kanuni hiyo: Kihispania kilipata marekebisho mwaka 1959, na Kijerumani mwaka 1978. Mwandishi wa Kiswahili anayetii programu iliyoundwa kwa Kiingereza atajikuta akivunja maneno yaliyo sahihi ili kuiridhisha mashine isiyoijua lugha yake.

Hali ni hiyo hiyo kwa nasaha ya kurudia neno muhimu ili mitambo ya kutafutia habari ilione. Nasaha hii ilizaliwa katika lugha ambayo neno hubadilika kidogo tu, na mara nyingi mkiani. Katika Kiswahili mzizi -som- umefichwa katikati ya anasoma, walisoma, msomaji, usomaji, wasomeshwao na kitakachosomwa. Nomino nazo hubadilika kichwani: kitabu huwa vitabu, na ulimi huwa ndimi. Kila mwalimu aliyemfundisha mgeni kutumia kamusi anaijua taabu ya kutafuta neno ambalo herufi zake za mwanzo si zake za kudumu. Kumwambia mwandishi arudie umbo moja la neno mara kadhaa katika kila aya ni kumwambia aandike Kiswahili kisichosemwa na mtu.

Nasaha ya sentensi fupi pia yahitaji kuangaliwa. Masimulizi ya Kiswahili huenda kwa kiambishi -ka-: akaondoka, akafika, akabisha hodi, akangoja. Mfuatano huo ni sentensi moja yenye pumzi moja, na msikilizaji haupati taabu. Ukikatwakatwa kwa vituo kila baada ya neno, hadithi hupoteza mwendo wake pasipo kuongeza wepesi wowote. Hii haimaanishi kwamba sentensi ndefu ni nzuri kila mara. Ina maana tu kwamba kipimo cha urefu hakina budi kutoka ndani ya lugha inayopimwa.

Mahali na taasisi

Mwisho, nasaha hizi humchukulia mwandishi kama mtu aliye peke yake, mwenye kompyuta na azma. Historia ya uandishi wa Kiswahili haionyeshi hivyo. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali tangu mwaka 1926, na mshahara wa ukarani ndio uliomlisha alipokuwa akitunga. Muhammed Said Abdulla alikuwa mwanagazeti mzoefu kabla *Mzimu wa Watu wa Kale* haijapata ushindi katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957–58 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, na kuchapishwa mwaka 1960. Nyuma ya kitabu kile palikuwa na shirika, wahariri, waamuzi na fedha za umma. Vipawa vya waandishi hawa ni vyao wenyewe, lakini vilipata pa kuegemea. Nchini Kenya hadi leo, riwaya ya Kiswahili iliyoteuliwa kutahiniwa katika shule za sekondari huwa na soko ambalo ukurasa wa mtandaoni hauwezi kulipata kwa urahisi. Nasaha isiyotaja mambo haya humfanya kijana adhani kwamba taasisi hazina kazi.

Sheria nazo hutofautiana. Mwandishi wa Marekani huambiwa afungue tovuti leo na aanze leo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotolewa Tanzania mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu apate leseni, na ada zake kwa jumla zilizidi shilingi milioni mbili za nchi hiyo. Kanuni hizo zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, lakini katika mwaka ule waandishi kadhaa walifunga kurasa zao, na hakuna kitabu cha nasaha kilichokuwa na sura ya kuwasaidia. Nchini Kenya, Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilianzisha kodi ya zuio ya asilimia 5 juu ya malipo ya maudhui ya kidijitali kwa wakazi. Aidha, bei ya tangazo hutegemea nchi anamoishi msomaji, hata wasomaji elfu wa Kakamega hawamletei mwandishi malipo sawa na wasomaji elfu wa Chicago.

Katika Kenya kuna tatizo jingine, nalo ni zito. Kwa vijana wengi wa vyuo, maneno kazi ya uandishi mtandaoni hayana maana ya kutunga wala ya kuripoti. Yana maana ya kuwaandikia wanafunzi wa Marekani, Uingereza na Australia insha na tasnifu ambazo wanafunzi hao huziwasilisha kwa majina yao. Kazi hii imewalipia wengi kodi ya nyumba na karo ya wadogo zao, na haifai kuizungumzia kwa dharau. Lakini Australia ilipitisha sheria ya kuipiga marufuku biashara hiyo mwaka 2020, na Uingereza ikafanya hivyo kwa vyuo vya England mwaka 2022. Tena baada ya ujio wa akili bandia wengi walioitegemea waliripotiwa kupungukiwa na kazi. Mtu aliyeandika hivyo kwa miaka kumi, naye ni mwandishi hodari bila shaka, hana ukurasa hata mmoja wenye jina lake. Alifuata nasaha kwa uaminifu: aliandika kila siku, alimjua mteja wake, alitimiza muda aliopewa. Hakuambiwa kwamba kinachojenga maisha ya mwandishi ni kazi anayoweza kuitia saini.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba nasaha kwa waandishi wa mtandaoni hupungua kwa sababu zimekusanywa kutoka kwa walioelea peke yao, zinanyamaza juu ya bahati, huchelewa kuliko mitambo inayozungumziwa, na hudhani kwamba lugha zote ni Kiingereza na nchi zote ni Marekani. Upungufu huu hauondolewi kwa kutafsiri nasaha hizo katika Kiswahili fasaha zaidi.

Nasaha ambayo ingefaa ina sifa chache zinazotajika. Husema imetoka kwa nani, mwaka gani, na katika hali gani. Hutaja walioshindwa pamoja na walioshinda. Hutenganisha kilicho ndani ya uwezo wa mwandishi, yaani ubora wa lugha, usahihi wa habari na uaminifu kwa wasomaji wachache alio nao, na kile kilicho nje ya uwezo wake, yaani idadi ya wasomaji hao. Humshauri asiiache kazi inayomlisha mpaka uandishi umeonyesha kwamba unaweza kumlisha, na ahakikishe kwamba sehemu ya anachoandika inabaki kuwa yake kwa jina.

Idara za lugha zina nafasi katika jambo hili. Zinaweza kuunda kipimo cha wepesi wa kusomeka kinachotokana na mofolojia ya Kiswahili, kazi ambayo yahitaji matini, wasomaji wa ngazi mbalimbali na subira, si mitambo ya gharama. Zinaweza kufuatilia hali za wahitimu wao wanaoandika, wote, si wale wanaoalikwa kutoa hotuba peke yao, ili mwanafunzi aulizapo ni wangapi wanaoishi kwa kalamu apewe idadi badala ya kisa. Zinaweza pia kurudisha ile kazi ya uhariri na mashindano ambayo mashirika ya zamani yaliifanya. Mwalimu anayemjua mwanafunzi wake, akausoma mswada wake na kumwambia penye kasoro, anatoa nasaha ya aina ile ya zamani, inayomlenga mtu na yenye dhamana nyuma yake. Nasaha hiyo haiwezi kuuzwa kwa watu milioni moja, wala haikukusudiwa kwao.